Kuifuata reli ya Brunel kutoka London hadi Bristol: tazama mwinuko kwanza

Anzia Hanwell, kituo kidogo magharibi mwa London, usianzie Paddington, stesheni kuu ya njia hii. Najua kila mgeni anataka picha ya Paddington, na sanamu ya Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyeijenga reli hii, ipo pale, ameketi. Lakini lile paa la chuma na vioo lilifunguliwa mwaka 1854, miaka 16 baada ya treni ya kwanza ya kampuni ya Great Western kutoka London. Ukianzia pale utaona jengo. Mimi nataka uione njia yenyewe: udongo uliochimbwa, udongo uliojazwa, na uamuzi wa kijana wa miaka 26 aliyekabidhiwa kazi hii mwezi Machi 1833, kwamba kati ya London na Bristol treni itapita mahali panapokaribia kuwa tambarare kadiri ardhi itakavyoruhusu.

Nayasema haya kama mtu wa gengi. Nilifanya kazi ya njia kwenye Reli ya Kati kule nyumbani Tanzania kabla sijahamia huku Reading, na wageni wangu, awe mpwa wangu au jirani wa zamani wa Morogoro, nawapitisha njia hii hii. Ni safari ya siku nzima. Toka asubuhi mapema, vaa viatu vya kutembea, beba koti hata kama jua linawaka. Kuhusu tiketi: hadi Reading unaweza kugusa kadi yako ya benki getini, lakini kadi ya Oyster haifiki huko. Kutoka Reading kuelekea Bristol nunua tiketi dirishani na uulize kama inakuruhusu kushuka njiani. Zile za bei nafuu zinazonunuliwa mapema zimefungwa kwenye treni moja tu, hazitakufaa kwa safari hii.

Sasa hesabu moja, na usiiruke, maana bila hiyo madaraja yote utayaona kama mapambo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, kwenye tambarare, linataka nguvu ndogo mno: kilo chache za mvuto zinatosha kuisogeza tani nzima. Inua njia mita 1 katika kila mita 100, na kila tani itadai kilo 10 zaidi. Mzigo ambao injini ile ile inaweza kuuvuta unashuka hadi theluthi, au chini ya hapo. Injini za miaka ya 1830 zilikuwa dhaifu, kwa hiyo aliyejenga njia yenye vilima alikuwa anailipa gharama hiyo kila siku, kwa makaa na kwa muda, maisha yake yote. Brunel aliipima ardhi akiwa juu ya farasi, akachagua mabonde. Kutoka London hadi Swindon, kilomita 124 hivi, mwinuko hauzidi mita 1 kwa mita 660. Miteremko mikali aliikusanya mahali pawili tu, upande wa magharibi wa Swindon, kila mmoja ukiwa 1 kwa 100: mmoja karibu na Wootton Bassett, wa pili ndani ya handaki la Box. Kwa njia hiyo injini za kusaidia zingehitajika sehemu hizo tu, na kwingine kote treni inateleza.

Mnyapara wetu wa gengi hakuanza kwa kutegemea chombo cha kupimia. Alipiga goti, akainama mpaka shavu likaribie kugusa kichwa cha reli, akafumba jicho moja, akaitazama reli inavyokimbilia mbali. Palipozama sentimita moja alipaona, akanyoosha kidole, nasi tukaenda na mitaimbo kuinua taruma, zile boriti zinazobeba reli, na kushindilia kokoto. Wewe huruhusiwi kuinama relini Uingereza, na wala usijaribu: kuingia njiani ni kosa la jinai, na treni za hapa zinapita kwa kilomita 200 kwa saa. Ila ukingo wa jukwaa la stesheni unakwenda sambamba na reli. Simama mwisho wa jukwaa la Hanwell, nyuma ya mstari wa njano, chuchumaa, utazame ukingo ule. Fanya hivyo kila unaposhuka. Mpaka ufike Swindon jicho lako litakuwa limezoea, na utaelewa kwa nini wenyeji wa miaka ile waliustaajabia usawa wa njia hii.

Hanwell penyewe, toka stesheni uteremke hadi barabara ya Uxbridge, utazame kaskazini. Hilo ni daraja la Wharncliffe, matao manane ya matofali, kila tao upana wa mita 21, likivuka bonde la mto Brent. Ndiyo kazi kubwa ya kwanza ya njia hii kukamilika. Kwa nini matao manane, wakati mto wenyewe ni mwembamba? Kwa sababu treni isingeteremka bondeni kisha ipande tena. Bonde ndilo linalovukwa, mto ni kisingizio. Juu ya nguzo ya katikati utaona nembo iliyochongwa. Ni ya Lord Wharncliffe, aliyeongoza kamati ya Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, muswada wa kuruhusu reli hii ulipopita. Mara ya kwanza, mwaka 1834, Malodi waliukataa, na sheria ikapatikana tarehe 31 Agosti 1835. Kampuni ilijua kushukuru.

Rudi stesheni, panda treni ya njia iitwayo Elizabeth line kuelekea magharibi. Huenda ukabadili treni njiani, kwani si zote za Maidenhead zinasimama Hanwell.

Maidenhead upe muda. Hapa ndipo nilipo na upendeleo, nakiri wazi. Kutoka stesheni tembea hadi daraja la barabara linalovuka Thames, livuke, kisha geuka kulia ufuate mto upande wa Taplow. Kwa mwendo wa taratibu ni kama nusu saa. Utafika chini ya daraja la reli, na njia ya miguu inapita chini ya tao kubwa la mashariki.

Simama hapo. Tao hili lina upana wa mita 39 na linapanda mita 7 na kidogo tu. Ni la matofali, bila chuma ndani. Wasimamizi wa mto walitaka mashua zipite, na njia ya farasi waliokuwa wakizivuta ibaki wazi, kwa hiyo Brunel aliruhusiwa nguzo moja tu katikati ya maji. Angelijenga tao refu la kawaida, nusu duara, reli ingelazimika kupanda juu sana kisha ishuke. Ule mwinuko wake ungeharibika kwa ajili ya mto mmoja. Basi akalilaza tao. Tao likilazwa hivyo linasukuma kwa nguvu zaidi kwenda pembeni, na kila tofali linabanwa zaidi. Wahandisi wengine walisema litaanguka.

Mwaka 1838, walipolegeza mbao zilizolishikilia, tao la mashariki likajipinda kidogo. Ni hili hili lililo juu ya kichwa chako. Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi anajua sababu, maana ni kosa la kila siku: fomu, yaani zile mbao, ilifunguliwa kabla saruji haijashika sawasawa. Mkandarasi alikubali kwamba aliharakisha. Likajengwa upya lile lililojipinda, na safari hii mbao zikaachwa. Watu wakaendelea kusema kwamba daraja limesimama kwa sababu ya mbao. Mwaka 1839 dhoruba ikaja usiku, ikaziangusha mbao zote mtoni. Daraja halikutikisika, na hadi leo treni nzito kuliko zile mara nyingi zinapita juu yake.

Piga makofi mara moja ukiwa katikati ya tao. Mwangwi wake unarudi na kurudi, na wenyeji wanaliita tao la sauti kwa sababu hiyo. Kisha tazama juu utafute maungio: kazi ya Brunel ni ile ya katikati, pande zote mbili zilipanuliwa miaka ya 1890 ili njia nne zipite. Waliopanua walinakili umbo lake kwa adabu. Subiri treni ya haraka ipite juu kabla hujaondoka.

Baada ya Twyford, kaa dirishani na uweke simu mfukoni. Treni inaingia kwenye mkato wa Sonning, ambapo reli imechimbiwa chini ya usawa wa ardhi hadi mita 18, kwa urefu wa kilomita 3 hivi. Kwa treni ya leo ni muda mfupi sana, kuta za majani zinapanda, miti inakuwa juu yako, kisha Reading inatokea. Udongo wote ule ulitolewa kwa sururu, koleo, mikokoteni na farasi. Mvua ziligeuza mahali pale tope. Mkandarasi aliyekuwepo alishindwa, Brunel akamwondoa, na kesi yao iliendelea kwa miaka mingi, ikafika hadi Baraza la Malodi mwaka 1854. Kampuni ikachukua kazi yenyewe, ikaweka watu zaidi ya 1,200 na farasi karibu 200.

Hapa nataka ukumbuke watu wengine. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841 ukuta wa udongo uliolowa mvua uliporomoka relini. Treni ya mizigo ikauvaa. Nyuma tu ya injini yalikuwa mabehewa mawili ya abiria wa daraja la tatu, ya wazi, yenye kuta fupi zisizofika kiunoni, na nyuma yao mabehewa mazito ya mizigo yaliyowasukuma na kuwaponda. Wengi wa abiria wale walikuwa waashi waliokuwa wakijenga Bunge la London, wakirudi kwao kwa Krismasi. Walikufa tisa. Kilichobadilika ni sheria ya mwaka 1844, iliyozilazimisha kampuni kuwapa abiria maskini treni moja kila siku yenye mabehewa yaliyoezekwa. Ikabidi watu tisa wafe ndipo maskini apate paa. Aliyefanya kazi kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mto Mkondoa umeibeba njia yetu mara nyingi, hahitaji kuelezwa: adui wa kwanza wa reli ni maji. Kwa hiyo ukipita Sonning tazama ukuta umelazwa kwa pembe gani, na mifereji ya maji iko wapi. Ndicho anachotazama mtu wa njia kabla ya kutazama reli.

Didcot ushuke kama kituo cha makumbusho ya reli kilicho nyuma ya stesheni kimefunguliwa siku hiyo. Hakikisha kwanza, si kila siku. Nenda moja kwa moja kwenye kipande cha reli pana. Hiyo ndiyo geji ya Brunel, mita 2.14 kati ya reli na reli. Reli yetu ya zamani nyumbani ni mita 1, TAZARA ni milimita 1,067, na ile mpya ya SGR ni milimita 1,435, kipimo cha George Stephenson, mhandisi mwingine wa reli za mwanzo za Uingereza. Simama katikati ya reli pana ya Didcot ujilinganishe. Mtu mrefu akilala kuikata njia, kichwa na miguu vyote vinabaki ndani.

Angalia pia chini ya reli. Umezoea kuona mataruma yamelala kukata njia. Brunel alilaza magogo marefu kufuata reli, chini yake mwanzo hadi mwisho, akayafunga kwa mbao za kukatiza, na kwenye sehemu za kwanza akayakaza kwa nguzo zilizopigiliwa ardhini. Alitaka njia isiyotikisika. Lakini ardhi haikai. Kokoto zilishuka kati ya nguzo, nguzo zikagoma kushuka nazo, na njia ikawa ya mawimbi: treni za mwaka 1838 ziliruka-ruka hadi wakurugenzi wakaanza kumtilia shaka. Nguzo zikakatwa. Mimi kwa maoni yangu Brunel aliijua ardhi kuliko alivyoijua njia. Njia lazima iweze kulegea na kushindiliwa tena, kila msimu, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Yeye alitaka kuikamilisha mara moja.

Na geji? Ilikuwa bora, hilo nalisema bila kusita. Tume iliyoundwa 1845 kuzilinganisha geji iliona treni zake zina kasi na zimetulia kuliko za wenzake. Lakini wakati ule alikuwa na kilomita kama 440, na geji ya Stephenson ilishapita 3,000. Zilipokutana Gloucester, kila gunia na kila sanduku lilishushwa behewa moja na kupakiwa lingine. Anayetaka kuona tatizo hilo kwa macho aende Kidatu, ambako mzigo wa TAZARA na wa Reli ya Kati unahamishwa kwa sababu hiyo hiyo, ukingoni mwa mashamba ya miwa. Sheria ya 1846 ikasema njia mpya za abiria zifuate 1,435, isipokuwa pale Bunge litakaporuhusu. Reli pana ilidumu hadi Mei 1892. Mwisho wa juma mmoja, wafanyakazi wa njia zaidi ya 4,000 walipelekwa magharibi, wakaivuta reli ya mwisho ndani, kilomita 275 hivi, kuanzia Jumamosi, na Jumatatu treni zikapita. Nikiifikiria kazi ile navua kofia. Majina ya wale 4,000 hayamo kwenye sanamu yoyote.

Swindon ipite. Karakana ya kampuni ilianza kazi pale 1843, chini ya Daniel Gooch, aliyekabidhiwa injini zote za Great Western akiwa na miaka 20, na makumbusho yake yanastahili siku nzima peke yake. Wewe leo baki garini na usikilize. Baada ya Swindon treni inauacha uwanda, inateremka ule mteremko wa kwanza wa 1 kwa 100. Baada ya Chippenham nyaya za umeme juu ya njia zinaisha, na utasikia injini za dizeli zikinguruma chini ya sakafu. Kisha giza: handaki la Box, karibu kilomita 3.

Usiridhike kulipita kwa treni. Shuka Bath, chukua basi la kwenda Chippenham linalopita kijiji cha Box, na kutoka barabara kuu ya A4 utauona mdomo wa magharibi. Umejengwa kwa mawe, mrefu kuliko treni yoyote ilivyohitaji, kwa sababu wasafiri wa barabara hii walikuwa wakiuona, na Brunel alitaka wauone. Mdomo wa pili, upande wa Corsham, ni wa kawaida kabisa.

Mlima ulianza kutobolewa 1836 kwa mashimo ya wima kutoka juu, mengine yakikaribia mita 90. Watu walishushwa ndani, wakachimba kuelekea pande zote mbili kwa mwanga wa mishumaa. Kila wiki ilitumika tani moja ya mishumaa na tani moja ya baruti. Maji yaliwafurika. Miezi ya mwisho, kampuni ilipoharakisha, walikuwa watu 4,000 na farasi 300, mchana na usiku. Vipande vilipokutana chini ya mlima, kosa halikufika sentimita 5. Waliokufa ni karibu mia moja. Namba zote mbili ziseme pamoja unapomweleza mtoto habari za Box.

Bungeni, Dr Dionysius Lardner, mwandishi wa sayansi, alidai kwamba breki zikikatika, treni itatoka upande wa pili kwa maili 120 kwa saa na abiria hawatapumua. Brunel alimwonyesha kwamba amesahau msuguano na ukinzani wa hewa. Utasikia pia kwamba jua hupenya handaki zima tarehe 9 Aprili, siku aliyozaliwa Brunel. Ni hadithi inayopendwa. Usipange safari kwa ajili yake.

Ukirudi Bath, tembea hadi bustani ya Sydney Gardens. Reli inakatiza katikati ya bustani, chini ya ukuta mfupi, na ukiacha majukwaa ya stesheni, ni mahali pachache pa halali kwenye njia hii utakapokuwa karibu hivyo na treni. Kaa pale, ule ulichobeba. Watoto wanapapenda.

Bristol Temple Meads, stesheni ya mwisho, watu wengi wanapiga picha paa la mviringo na kuondoka. Hilo ni la baadaye. La Brunel, la mwaka 1840, liko pembeni, upande wa barabara ya Temple Gate: banda refu lenye paa la mbao la upana wa mita 22 bila nguzo ya katikati ya kuzuia treni. Njia nzima kutoka London ilifunguliwa tarehe 30 Juni 1841.

Kama una nusu siku tu, acha Bristol na Bath kwa safari nyingine. Nenda Hanwell, kisha Maidenhead, kisha panda treni ya kusimama kila kituo hadi Reading ili uupite mkato wa Sonning taratibu kidogo. Chagua siku iliyofuata mvua kama unaweza, uone maji yanavyotoka kwenye kuta. Na kama una mtoto wa shule, mpe hesabu ile ya mwinuko nyumbani usiku wa kuamkia safari, si garini.